Punda Mkorofi au Punda Anayeumwa?

Swali linakuja kwa sura nyingi, ila kiini chake ni kimoja. Punda aliyekuwa mpole ameanza kurusha mateke akifungwa mzigo. Punda aliyezoea kupanda kutoka sokoni Tengeru hadi Akheri bila kusukumwa sasa anasimama katikati ya barabara, bodaboda zinampigia honi, naye hatikisiki. Mwingine anang'ata mkono unaomvisha hatamu. Mwenye punda anataka kuambiwa amtie adabu vipi, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo kwa sababu hukumu imekwisha kutolewa: punda ndivyo walivyo. Hata methali imemhukumu kwamba fadhila zake ni mateke.

Naona mambo yamepangwa kinyume. Ukorofi unaozuka kwa mnyama mzima, aliyekwisha kuzoea kazi, uchukuliwe kuwa dalili ya maumivu mpaka ithibitike vinginevyo. Adabu, kama itahitajika kabisa, ije mwisho. Sisemi hivyo kwa huruma peke yake, ingawa huruma si dhambi. Maumivu ndiyo rahisi kuchunguza, sehemu kubwa ya uchunguzi haina gharama, na ukianza na fimbo unaharibu ushahidi wenyewe. Punda anayechapwa kila anapoonyesha kuumwa hujifunza kutoonyesha. Baadaye anaanguka na mzigo wake njiani, na watu wanasema alikufa ghafla.

Kwa nini tuanze na maumivu

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa farasi. Hapa kwetu Arusha farasi ni wachache, wengi wao wa mashamba makubwa na safari za watalii pande za Usa River, kwani ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na wadudu wadogo wanaouma, huwaua kwa urahisi, ilhali punda huustahimili. Huko Uingereza, daktari wa mifugo Sue Dyson na wenzake walichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa: masikio kulala nyuma kwa muda mrefu, mdomo kufunguka, kichwa kutikiswa, mkia kupigwapigwa, kukataa kwenda mbele, na kadhalika. Farasi anayeonyesha tabia 8 au zaidi kati ya hizo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu ya viungo au misuli, hata kama mpandaji wake anaapa kuwa ni mzima. Lakini lililo muhimu kuliko hesabu hiyo ni hili: farasi walipochomwa ganzi kwenye sehemu inayouma, kisha wakapandwa tena, tabia hizo zilipungua papo hapo. Ganzi haimfundishi mnyama adabu. Kama ukorofi unaondoka pamoja na maumivu, basi ulikuja nayo.

Utasema punda si farasi. Kweli, na tofauti hiyo inazidi kumpa punda haki ya kuchunguzwa. Asili yake ni punda-mwitu wa nchi kavu za Pembe ya Afrika, ambao mabaki yao leo yako Eritrea na Ethiopia. Huko hawakuishi katika makundi makubwa ya kukimbia pamoja kama farasi. Akishtuka, mara nyingi punda husimama kwanza na kupima hatari, na akiumia hujitahidi asionekane dhaifu. Kwa hiyo kitu tunachokiita ukaidi, yaani kusimama na kukataa, ndiyo njia yake ya kawaida ya kusema hapana. Na akifika hatua ya kurusha mateke au kuchechemea waziwazi, maumivu yake yana uwezekano wa kuwa makubwa kuliko ya farasi anayefanya vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: andika

Kabla hujamgusa, chukua daftari la shule na uandike kwa wiki mbili. Kumbukumbu ya kichwani haifai, kwa sababu hasira hukumbuka siku mbaya tu. Kila anapokataa au kurusha teke, andika ilikuwa saa ngapi, mahali gani, amebeba nini, nani alikuwa naye, na alikuwa anafanya nini sekunde chache kabla. Nakubali kwamba hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi, na ndiyo inayosaidia kuliko zote, kwani maumivu yana utaratibu. Hujirudia kwenye tendo lilelile au upande uleule. Soma ulichoandika ukitafuta mfano wa haya:

- Anakataa wakati wa kufungwa mzigo, kabla hajapiga hatua hata moja. Tazama mgongo, mbavu na mahali mkanda wa tumboni unapopita.
- Anatembea vizuri tambarare lakini hataki kuteremka. Kwenye mteremko uzito wote huhamia mbele, kwa hiyo anza na kwato za mbele na mabega, kisha kamba inayopita chini ya mkia.
- Hataki kupanda. Mzigo unarudi nyuma, mkanda unakata tumbo, miguu ya nyuma inafanya kazi kubwa. Huenda pia pumzi ni fupi, au mzigo ni mzito mno.
- Anageuka vizuri upande mmoja, upande wa pili anagoma. Hilo ni la kwato, mguu au bega.
- Ni mpole kwa kila kitu ila hatamu. Angalia ndani ya masikio (kupe hupenda kujificha humo), kona za mdomo, na meno.
- Anasumbua mahali pamoja tu, awe na mzigo au asiwe nao. Hapo hofu ina nafasi kubwa kuliko maumivu: kalvati, mbwa wa nyumba fulani, lori lililowahi kumkwaruza.
- Anasumbua akitenganishwa na mwenzake. Punda hushikamana sana na punda mmoja, na upweke kwake si jambo dogo.

Tahadhari moja kuhusu hofu: inaweza kuwa kumbukumbu ya maumivu. Punda aliyeteleza na kuanguka kwenye mteremko akiwa na kwato mbovu anaweza kuuogopa mteremko ule hata baada ya kwato kupona. Ndiyo maana mahali peke yake hapatoshi kukupa jibu. Soma daftari lote.

Mtazame kabla hujamshika

Nenda asubuhi na mapema, kabla ya kazi, usimame mbali. Ukimkaribia atakazana na kuficha. Mwaka 2014 watafiti wa Milan, Italia, walitengeneza kipimo cha uso wa farasi anayeumwa kwa kuwalinganisha kabla na baada ya kuhasiwa, wakaorodhesha alama sita ambazo jicho la mfugaji linaweza kuzijifunza: masikio yamekazwa kuelekea nyuma, jicho limefumbwa nusu, sehemu ya juu ya jicho imekaza hadi mfupa unaonekana, misuli ya kutafunia imevimba, mdomo na kidevu vimebana, na matundu ya pua yamekaza. Kwa punda alama hizo ni hafifu zaidi. Usitafute sura ya kutisha, tafuta tofauti na sura yake ya kila siku. Hapo mwenye punda ana faida ambayo daktari hana, kwani daktari anamwona mara moja, wewe unamwona kila kukicha.

Mtazame anavyosimama. Kupumzisha mguu mmoja wa nyuma kwa zamu ni kawaida. Kuutanguliza mguu wa mbele na kuuacha umegusa tu ardhi si kawaida. Kuhamisha uzito mguu hadi mguu kila mara ni dalili kwamba kwato zote mbili zinauma, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kusema "mbona hachechemei?" Mnyama huchechemea akiwa na mguu mmoja mbovu wa kuukwepa. Ikiwa miguu yote miwili ya mbele inauma, hana wa kuukimbilia. Atatembea hatua fupifupi, kama anakanyaga changarawe za moto, na watu watamwita mvivu.

Kisha, kama una kipimajoto, mpime akiwa ametulia. Punda mzima kwa wastani ana joto la mwili nyuzi 37.1, mapigo ya moyo kama 44 kwa dakika na pumzi kama 20 kwa dakika, ingawa jua kali na kutembea hubadilisha namba hizo. Joto lake la kawaida liko chini ya la farasi na chini kabisa ya la ng'ombe. Anayempima punda kwa kipimo cha ng'ombe atamwambia yu mzima ilhali tayari ana homa.

"Lakini anakula vizuri." Pingamizi hili lina nguvu kwa ng'ombe, kwa punda halina. Punda mgonjwa anaweza kusimama kwenye majani, akainamisha kichwa na kuchezesha midomo bila kumeza cha maana. Angalia chakula kilichopungua, na uangalie kinyesi. Kama majani yapo palepale na kinyesi ni kidogo, hakuna aliyekula.

Mikono na kwato

Mfunge mahali alipopazoea, mwenzake akiwa karibu, bila haraka. Tumia kiganja kilichotulia, kuanzia shingoni, ukipita juu ya mabega, uti wa mgongo wote, mbavu, kiuno, hadi shina la mkia. Bonyeza kwa wastani pande zote mbili, na ulinganishe. Ngozi inayorukaruka mara moja chini ya vidole si kitu. Inayotafutwa ni ile ya kurudia: kila ukifika palepale anazamisha mgongo, anakaza tumbo, anageuza kichwa, au masikio yanalala. Nywele nyeupe mgongoni ni za kusomwa vizuri, kwani mara nyingi ni alama za vidonda vya zamani. Zikiwa mahali tandiko linapokaa, basi tatizo lina umri mkubwa kuliko ulivyodhani. Na kidonda kilichopona juu kinaweza kuwa na uvimbe chini yake.

Kwato zinahitaji muda wako mwingi zaidi kuliko kitu kingine. Udongo wa miteremko ya Mlima Meru ni wa volkano: masika unakuwa tope linalogandia ndani ya kwato kwa wiki nzima, kiangazi unakuwa vumbi lenye vikokoto vikali vinavyoingia kwenye nyufa. Kwato za punda zimeumbwa kwa nchi kavu, nazo hunyonya maji haraka. Safisha kwa kijiti butu au kichokonoo cha kwato, kuanzia kisigino kwenda kidoleni, kisha tazama na unuse. Harufu ya kuoza na uji mweusi pembeni ya sehemu laini ya katikati, ile yenye umbo la V, ni dalili ya uozo. Gusa ukuta wa kwato kwa mgongo wa mkono ulinganishe joto la kwato nne. Shika nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato: mapigo ya damu ya mguu mzima ni hafifu kiasi cha kutafutwa, na yakidunda waziwazi kwenye vidole vyako kuna uvimbe ndani, ama jipu ama ule ugonjwa wa kwato unaowapata punda wanaolishwa nafaka nyingi au walionenepa shingoni. Ndiyo, punda aliyenona anaweza kuwa mgonjwa kuliko aliyekonda. Kwato zisichongwe kwa panga la kukatia majani; mtu anayejua azichonge kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Mdomoni

Hapa onyo linatangulia. Kama punda amebadilika ghafla, anang'ata kila kitu pamoja na mwili wake, anatokwa na ute, sauti imebadilika au miguu ya nyuma inalegea, usiingize mkono mdomoni kwa sababu yoyote. Kichaa cha mbwa kipo nchini na punda hukipata kwa kung'atwa. Mtenge, mwite daktari wa mifugo, na aliyeguswa na mate yake kwenye jeraha aoshe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa punda asiye na dalili hizo, usivute ulimi wala kupanua mdomo kwa nguvu. Mwangalie anavyokula. Je, anadondosha matonge ya majani yaliyotafunwa nusu? Anageuza kichwa upande mmoja akitafuna? Pumzi ina harufu ya uozo? Pitisha vidole nje ya mashavu, juu ya mstari wa magego: akiruka, meno yana makali. Meno ya punda huendelea kuchomoza kwa miaka mingi huku yakisagika, na yasiposagika sawa hutoa kingo kali, za juu upande wa shavu na za chini upande wa ulimi. Mvishe hatamu yenye kamba nyembamba juu ya shavu lililokwisha kukatwa kwa ndani, halafu ushangae kwa nini anatupa kichwa.

Kwa wasomaji wa Ngarenanyuki, Maji ya Chai na vijiji vya jirani kuna jambo la ziada. Maji ya sehemu nyingi za Mlima Meru yana floridi nyingi. Ndiyo sababu kulianzishwa kituo cha utafiti wa kuondoa floridi pale Ngurdoto, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu wengi wa huku. Mifugo inakunywa maji hayohayo. Kwa wanyama, floridi ikizidi kwa miaka mingi huharibu meno, yakasagika vibaya, na huweza kuathiri mifupa hadi mnyama akakakamaa na kuchechemea leo mguu huu, kesho mwingine. Punda mwenye meno yenye mabaka na miguu mizito bila kidonda chochote, mtajie daktari suala la maji. Yeye ndiye atakayeamua kama lina uzito.

Mzigo na vifaa

Hesabu hii ifanye leo. Punda wengi wa kwetu wana uzito wa takriban kilo 100 hadi 150. Mwongozo wa kawaida ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi kama theluthi ya uzito wake, yaani kilo 33 hadi 50, na kwenye mlima upungue. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu mawili ni kilo 40, na kwa punda mdogo tayari umepita. Madumu manne ni kilo 80. Mwenye kupakia manne na kulalamika kwamba punda anagoma kupanda Akheri hahitaji daktari, anahitaji safari mbili. Najua jibu lake: muda hautoshi. Lakini dakika anazopoteza akimsukuma, akimchapa na kupanga upya mzigo ulioanguka nazo ni muda, ila hazihesabiwi.

Baada ya uzito, tazama uzito unakaa wapi. Uti wa mgongo haukuumbwa kubeba. Mbavu na misuli ya pande zote mbili ndiyo ibebe. Tandiko zuri ni mito miwili minene yenye mfereji wazi katikati, upana wa kutosha kupitisha mkono juu ya uti wa mgongo hata mzigo ukiwa umekwisha kufungwa. Makosa yanayoonekana mara nyingi ni haya:

- Kiroba cha salfeti kilichokunjwa moja kwa moja juu ya ngozi. Hakinyonyi jasho, na mkunjo wake unakata.
- Kamba ya nailoni tumboni na chini ya mkia. Ikilowa na kukauka hukata kama msumeno. Ivishwe kitambaa cha pamba au utumie mkanda mpana.
- Mzigo usio na mizani, dumu upande mmoja na mkungu wa ndizi upande wa pili. Tandiko linahama na kusugua.
- Nira ya ng'ombe shingoni mwa punda wa mkokoteni. Ng'ombe ana nundu na shingo ya kusukumia nira, punda hana. Nguvu yake iko kifuani, na anahitaji mkanda mpana wa kifuani ulio chini ya koo na juu ya kiungo cha bega.
- Waya, au lijamu iliyotengenezwa na nondo. Hakuna maelezo marefu ya kutoa: viondoe.

Jaribio

Ukishapata unachokishuku, kithibitishe. Mpumzishe mpaka vidonda vikauke na uvimbe ushuke, kisha umrudishe kwa hatua: kwanza matembezi bila kitu, siku nyingine tandiko tupu, siku nyingine nusu mzigo tambarare, mwisho mlima. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na andika. Wapo watakaosema jaribio hili halithibitishi lolote, kwani hata mvivu hutulia akiwa hana mzigo. Wana haki, kwa hiyo ongeza kipimo cha pili: mpakie uzito uleule wa awali, mradi usizidi kiasi, lakini juu ya tandiko lenye mfereji, au baada ya kwato kutengenezwa. Mvivu atagoma vilevile, maana kilo hazijapungua. Anayeumwa atatembea, maana kinachomuuma kimeondoka. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ndiyo jibu lako, na haliwezi kupatikana kwa fimbo.

"Lakini akichapwa anatembea, kwa hiyo haumwi." Hoja hii ndiyo inayosikika zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mnyama aliyewekwa kati ya maumivu mawili huchagua dogo. Kutembea kwake kumethibitisha tu kwamba fimbo inauma zaidi ya kwato, na siku kwato itakapouma zaidi ya fimbo ataanguka.

Daktari anaweza pia kufanya jaribio la dawa ya kutuliza maumivu kwa siku chache ili mwone kama tabia inabadilika. Ni njia nzuri, kwa masharti matatu. Kipimo kiwe cha daktari, kwa sababu mwili wa punda huziondoa baadhi ya dawa hizo upesi kuliko wa farasi, na vidonge vya binadamu vya diklofenaki havina nafasi hapa. Asifanye kazi siku hizo, kwani dawa inaficha jeraha bila kuliponya. Na asipobadilika, usitangaze kwamba ni mzima. Maumivu mengine hayasikii dawa hiyo.

Usisubiri daftari

Yapo mambo ambayo hayana subira ya wiki mbili. Mwite mtaalamu siku hiyohiyo ukiona:

- Hajala kwa siku nzima. Punda asiyekula, hasa mnene au jike mwenye mimba, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili mpaka damu inajaa mafuta, na hali hiyo huua.
- Hataki kabisa kukanyagia mguu mmoja.
- Anajilaza na kuinuka, anatazama ubavu, au hatoi kinyesi. Wanaozurura kwenye takataka za soko humeza kamba na plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 imepunguza mifuko, lakini kamba na vipande vya viroba bado vipo.
- Mwili umekakamaa, mkia umeinuka, utando wa ndani unafunika jicho. Hiyo inaweza kuwa pepopunda, na mara nyingi ilipita kwenye tundu la msumari katika kwato.

Anza na afisa mifugo wa kata. Mwambie mapema kwamba mgonjwa ni punda, kwani wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi, na mpe daftari lako. Tengeru kuna kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, na mkoani Arusha yapo mashirika ya ustawi wa wanyama kama MAWO na ASPA yanayoshughulika na punda. Ulizia pia siku za chanjo na matibabu ya mifugo kijijini. Ukifika na punda mmoja pamoja na wa majirani watatu, gharama ya kumleta mtaalamu inagawanyika.

"Nitamuuza tu." Ni haki yako, ila fikiri hesabu yake. Mnunuzi wa Jumamosi sokoni anamnunua kwa bei ya mkorofi, nawe unamnunua mwingine kwa bei ya mzima, unamvisha tandiko lilelile. Zamani palikuwa na mlango mwingine, machinjio ya ngozi, lakini serikali ya Tanzania ilizuia uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaupiga marufuku barani kote. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo haimruhusu mtu kumtumikisha mnyama mgonjwa au kumpakia kupita kiasi, hata kama ni mali yake.

Usipopata kitu

Inawezekana umepitia yote, mtaalamu amemwona, vifaa vimebadilishwa, na bado anagoma. Kwanza angalia kama ni jike: hushikwa na joto kila baada ya wiki tatu hadi nne hivi, na mimba yake huchukua karibu mwaka mzima, kwa hiyo jike "mkorofi" wa mwezi wa kumi anaweza kuwa na sababu tumboni. Angalia kama ni dume asiyehasiwa anayesikia majike. Angalia kama amebadilishiwa mtu. Mtoto mpya anayemvuta kichwa hatapata kile ambacho mama alikuwa akipata kwa kutembea ubavuni mwake. Baada ya hapo ndipo uanze kumfundisha upya, kwa dakika chache kila siku, mahali tambarare, akitangulia mwenzake anayejua njia, na kipande cha ganda la ndizi kila anapopiga hatua uliyoiomba. Endelea kuandika daftari hata wakati huu, kwa sababu jipu la ndani ya kwato linaweza kukaa wiki kadhaa bila kuonekana, halafu asubuhi moja likatoboka juu, pale nywele zinapokutana na ukucha.